Ufundi wa Ufunguo wa Kuazima

Katika miinuko ya Kericho mvua hupenda kushuka alasiri, na mara nyingi huja na radi na mawe. Radi haina haja ya kupiga nyumba ili iharibu mtandao. Ikipiga mti ulio karibu tu, umeme wake huingia kwenye kebo ndefu inayotoka kwenye mlingoti wa antena, ukapita kwenye swichi, ukafika hadi kwenye kompyuta inayogawa intaneti. Kesho yake fundi huitwa. Hukuta diski imekufa, na leseni ya programu ya mtandao imekufa nayo, kwa sababu ilikuwa imefungwa kwenye diski ile ile. Wateja wanataka WiFi leo, na ufunguo mpya utapatikana baada ya barua pepe kwenda na kurudi. Pengo hilo huzibwa na kitu ambacho watu wengi hawajui hata kama kipo: leseni ya muda, ufunguo unaoazimwa kwa saa au siku kadhaa ili kazi isisimame.

Nimekuja kuiheshimu leseni ya namna hii kama mtu anavyoheshimu bawaba ya mlango iliyopigwa vizuri. Imeundwa na watu waliofikiri, na inatumiwa vizuri na watu wanaofikiri. Mimi huipima kwa jambo moja tu, nalo ni jinsi inavyokwisha. Kuanza ni rahisi kwa kila leseni ya kuazima.

Tuanzie Chepseon, kituo cha barabarani katika Kipkelion Mashariki, kaunti ya Kericho, kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho na Kisumu. Kuna maduka, wenye M-Pesa, bodaboda, na njia za udongo zinazoshuka kati ya mashamba ya chai na mahindi. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, intaneti ya nchi hii imekuwa ikipanda bara hatua kwa hatua. Hatua ya mwisho, kutoka barabarani hadi kwenye nyumba iliyo nyuma ya kilima, ndiyo iliyoachiwa mafundi wadogo. Hao hununua intaneti kwa jumla, huirusha kwa antena kutoka mlima hadi mlima, na kuiuza rejareja kwa vocha.

Chombo chao kikuu hutoka mbali. MikroTik ni kampuni ya Latvia, iliyoanzishwa Riga mwaka 1996, na programu yake ya RouterOS imeenea Kenya nzima kwa sababu ni ya bei nafuu na inafanya mengi. Ukinunua kisanduku chao chenyewe, leseni imo ndani na haiishi. Lakini fundi anayetaka nguvu zaidi kwa pesa kidogo huchukua kompyuta ya mtumba, ya ex-UK, akapandikiza RouterOS humo, au akaendesha toleo lake la mashine pepe liitwalo CHR. Hapo ndipo leseni za muda zinapoingia.

Kabla ya leseni, kuna utangulizi. Programu ya mtandao haisimami peke yake, husimama juu ya nyingine, na utaratibu wa kuzipanga ndio unaomtenga fundi na mtu anayebahatisha. Chukua mfano wa saa. Visanduku vingi vya rauta havina betri ya kutunza saa. Stima ikipotea, kisha KPLC, kampuni ya umeme, wakairudisha, kisanduku huamka kikiamini kwamba tuko Januari 1970. Mtu asiyejua ataanza kuhangaika na vocha ambazo muda wake hauhesabiki sawa, na vyeti vya usalama vinavyokataliwa kwa sababu eti havijaanza kutumika. Fundi mzuri hagusi chochote kati ya hivyo. Kwanza hukipa kisanduku anwani, kisha njia ya kutokea nje, kisha seva ya majina, ndipo kiweze kwenda kuuliza saa kwenye intaneti. Saa ikishakaa sawa, saa tatu mbele ya ile ya Greenwich, kila kilichokuwa kikilalamika hunyamaza.

Leseni nayo ina utangulizi wake, na huu una kichekesho. Ili CHR ipate leseni lazima iwasiliane na seva ya kampuni kupitia intaneti, ilhali hiyo CHR ndiyo iliyowekwa ili ilete intaneti. Fundi wa Chepseon hutatua fumbo hilo kwa simu yake. Huweka simu dirishani upande unaoshika mtandao vizuri, huiunganisha na kompyuta kwa waya, huelekeza mashine pepe ipitie hapo kwa muda, huingiza jina na nywila ya akaunti yake, na leseni hushuka. Bando linalotumika ni dogo kuliko la kutazama video moja. Kisha huchomoa simu na kurudisha njia ya kawaida. Ukimtazama akifanya hivyo unaona kwamba aliipanga akilini tangu mwanzo, kwa sababu kadi ya pili ya mtandao aliiacha wazi makusudi.

Sasa tuzitazame leseni zenyewe.

Ya kwanza ni ya saa 24. RouterOS ikipandikizwa kwenye kompyuta ya kawaida bila ufunguo, hufanya kazi yote, bila kupunguziwa kitu, kwa muda huo. Lililonivutia ni kwamba saa hizo huhesabiwa mashine ikiwa imewashwa tu. Ukiizima, hesabu husimama. Mtu aliyeamua hivyo alijua kazi ya ufundi ilivyo. Alijua kwamba fundi atafanya saa mbili, ataenda kununua viunganishi, atanyeshewa, atarudi kesho. Kama saa zingekwenda na jua, leseni ingekwisha huku mashine ikiwa imekaa kwenye meza imezimwa. Kwa hesabu hii, saa 24 ni siku tatu za kazi, hata nne kwa mtu mwenye nidhamu.

Na nidhamu hiyo inaonekana. Fundi anayejua anachofanya hawashi mashine kwanza ndipo afikirie. Huandika mpango kwenye daftari: anwani zipi, mlango upi wa kuingilia, upi wa kutokea, kasi gani kwa nani. Kebo huzibana vichwa mapema na kuzipima. Mipangilio huiandika kama faili la maandishi, ili ikiingizwa iingie yote kwa mkupuo. Mashine ikiwashwa, ni kazi tu. Ikifika saa ya chai, huizima. Mwenye duka akimwona, humwuliza:

“Kijana, mbona unazima na bado hujamaliza?”

“Nahifadhi saa, mama. Hii leseni ni ya kuazima, inahesabu ikiwa macho.”

“Na zikiisha?”

“Zikiisha kabla sijaweka ufunguo, mtandao unasimama. Ndiyo maana tunataka kumaliza leo.”

Jibu hilo ni la kweli, na ndilo dosari ya leseni hii ya kwanza. Mwisho wake ni mkavu. Saa zikikatika bila ufunguo, mashine haikubali kuendelea hadi iwekewe leseni au ipandikizwe programu upya. Kwa majaribio ya mezani hilo halina neno. Kwa mtandao ambao watu wameshaulipia, ni hatari, na fundi mwenye busara hamuungi mteja hata mmoja kwenye mashine iliyo katika hali hiyo.

Ya pili ndiyo ninayoivulia kofia. CHR hutolewa kwa majaribio ya siku 60. Hapa kalenda inahesabu, mashine iwe imewashwa au imezimwa, lakini miezi miwili ni muda wa haki. Fundi anaweza kuona mvua ikinyesha na jua likiwaka, akaona kasi ya saa mbili usiku vijana wote wakiwa mtandaoni, kisha akaamua anunue daraja gani: la gigabiti moja, la kumi, au lisilo na kikomo. Ukifungua ukurasa wa leseni utaona tarehe mbili. Moja ni ya lini mashine itakwenda kuomba upya kwa seva ya kampuni. Nyingine ni siku ya mwisho kabisa. Kati ya tarehe hizo mbili, mashine hujaribu kuwasiliana kila saa, kimya kimya, bila kumsumbua mtu. Kama intaneti ilikuwa imekatika kwa siku nzima kwa sababu mti umeangukia waya huko Londiani, hakuna kinachoharibika, kwa kuwa itajaribu tena saa ijayo.

Na siku ya mwisho ikipita bila malipo? Mtandao hauzimwi. Kasi haishuki. Mama mwenye duka hajui kama kuna kilichotokea. Kinachofungwa ni mlango mmoja tu: mashine haiwezi tena kupandishwa hadi toleo jipya la programu. Mwenye leseni anakumbushwa deni lake, na wateja wake hawaadhibiwi kwa ajili yake. Nimetumia programu nyingi zilizokuja na leseni za majaribio, na ni chache mno zilizotofautisha kati ya aliyeazima na wale wanaomtegemea aliyeazima.

Wakipsigis, wenyeji wa Kericho, hawakuhitaji kufundishwa tofauti hiyo. Kwao kuna desturi ya zamani ya kuwekeza ng'ombe kwa rafiki, iitwayo kimanagan: anayemtunza hunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na mwenyewe akimtaka ng'ombe wake humchukua bila kuvunja urafiki. Leseni ya siku 60 imeandikwa kwa roho hiyo. Maziwa unakunywa, matoleo mapya ni ya mwenye mali.

Lakini tusiifanye iwe ya upole kupita kiasi. Kufungiwa matoleo mapya ni adhabu yenye meno, ila huuma baadaye. Aprili 2018 MikroTik walitoa toleo lililoziba tundu kubwa la usalama lililokuwa likimwezesha mtu wa mbali kusoma majina na nywila kupitia Winbox, zana yao ya usimamizi. Walioweka toleo jipya walilala kwa amani. Mitambo isiyosasishwa, duniani kote, ilivamiwa kwa wingi katika miezi iliyofuata, mingine ikageuzwa kuwa vyombo vya kuchimbia sarafu za kidijitali. Rauta iliyokwama kwenye toleo la zamani inaendelea kufanya kazi vizuri hadi siku hiyo. Kwa hiyo fundi anayemwambia mteja kwamba “haizimi, usijali” amesema nusu ya ukweli, na anajua ni nusu ipi aliyoificha.

Wazo la kuazima programu ya mtandao halikuanza juzi. Digital Equipment Corporation, kampuni ya Marekani iliyouza kompyuta kubwa za VAX, iliingiza mfumo rasmi wa leseni katika toleo la tano la VMS mwaka 1988. Programu ya DECnet, iliyoziwezesha mashine hizo kuzungumza, ilikuwa na leseni yake peke yake, mbali na ile ya mfumo wenyewe. Ukiikosa, kila kilichotegemea mawasiliano kilibaki kimelala hata kama umekilipia. Leseni ilikuja kwenye karatasi: jina la bidhaa, namba ya idhini, idadi ya vipimo, tarehe ya kukoma, na mwisho kabisa safu ya herufi za kuhakiki. Mtu aliketi akaziingiza kwa mkono. Ukikosea herufi moja, mfumo ulikataa. Ile nafasi ya tarehe ya kukoma ndiyo iliyowezesha kuazima. Ikiachwa tupu leseni ni ya kudumu, ikijazwa ni ya muda, na karatasi ni ile ile. Huo ni uchumi wa kubuni ninaoupenda sana. Baadaye, kuanzia mwaka 1997, wapenzi wa mfumo huo walipewa leseni za bure za mwaka mmoja mmoja kwa matumizi ya nyumbani, mpango uliodumu hadi warithi wa mfumo huo, Hewlett Packard Enterprise, walipoufunga mwaka 2020. Watu wazima walijifunza mitandao juu ya karatasi zilizokuwa zikifa kila mwaka na kuzaliwa upya.

Cisco nao, kwenye kizazi kimoja cha rauta zao, walifanya jambo ambalo lingemshangaza mfanyabiashara yeyote wa soko la Gikomba. Leseni ya majaribio ya siku 60 ilipokwisha, iligeuka yenyewe kuwa haki ya kutumia bila kukoma, na kampuni ikabaki kuamini kwamba mteja atalipa. Sijui kama ningethubutu. Mfumo wa FLEXlm, unaolinda programu nyingi za wahandisi, ulichukua njia nyingine: mtu huazima leseni kutoka kwenye seva ya ofisini, huondoka nayo kwenye kompyuta yake hadi mahali pasipo na mtandao, na ofisini idadi hupungua kwa moja hadi airudishe au muda aliopewa uishe. Kwa anayepima njia za antena kati ya vilima, akiwa hana mawasiliano mchana kutwa, hicho ni kitu cha thamani.

Turudi kwenye meza ya Chepseon, maana kuna mtego mmoja nataka uonekane. Kisanduku kidogo cha MikroTik mara nyingi huja na leseni ya daraja la nne. Jedwali la kampuni linasema daraja hilo linaruhusu watumiaji 200 wa hotspoti kwa wakati mmoja. Fundi mchanga husoma mstari huo, akafurahi, akawaambia wenye ploti wa jirani waje. Hasomi mstari wa chini. Kwenye jedwali hilo hilo, programu ya kusimamia vocha, User Manager, kwa daraja la nne inaruhusu watu 20 tu. Hotspoti inategemea msimamizi wa vocha, na msimamizi amefungwa kwenye 20. Mtu wa 21 atanunua vocha halali, ataingiza namba zake sawasawa, na atakataliwa. Na ghadhabu yote itamwangukia muuza vocha.

Fundi mzoefu ana njia, na hapa ndipo ninapoona ufundi wenyewe. CHR isiyolipiwa hata senti haina muda wa kuisha. Kikomo chake ni kasi: kila mlango hutoa megabiti moja tu kwa sekunde. Kwa kupitisha intaneti ya mtaa mzima hiyo ni kitu cha kuchekwa. Lakini kuuliza kama vocha ni halali ni ujumbe mdogo sana, kisanduku huuliza na msimamizi hujibu ndiyo au la, basi. Megabiti moja inatosha na kubaki. Kwa hiyo msimamizi wa vocha huhamishiwa kwenye CHR ya bure, mizigo mizito hubaki kwenye kisanduku chenye leseni yake ya kudumu, na kila leseni hufanya kazi ambayo kikomo chake hakiigusi. Wengine hupendelea kumweka msimamizi mwingine wa vocha, programu ya FreeRADIUS, ambayo ni huria na haina daraja wala ufunguo, ila inataka mtu anayeweza kusoma mafaili marefu bila kuchoka. Njia zote mbili ni halali. Hakuna kilichoibwa, kilichofanyika ni kusoma jedwali hadi mstari wa mwisho.

Wapo wanaoiba. Kuna wanaopandikiza programu upya kila leseni ya saa 24 inapokwisha, na hao nawaonea huruma zaidi kuliko kuwalaumu, kwa sababu wakati wanaopoteza una thamani kubwa kuliko ufunguo. Kuna pia nakala zilizovunjwa kufuli, zinazouzwa kwa flashi. Hizo sina huruma nazo. Aliyevunja kufuli hujui alichoacha ndani, na mashine hiyo itapitisha nywila za benki za majirani zako.

Upo uangalifu mwingine ambao hufundishwa kwa hasara. Diski yenye leseni ya RouterOS ikifomatiwa kwa zana ambayo si ya MikroTik, leseni hufutika pamoja na kila kitu. Fundi aliyelelewa vizuri huwa na zana ya kampuni yenyewe kwenye flashi yake, hutunza nakala ya ufunguo mahali pawili, na hubandika karatasi ndogo ubavuni mwa mashine yenye tarehe ya mwisho wa leseni. Leseni ya CHR ya kulipia, kwa upande wake, inaweza kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, na kwa nchi ya radi kama hii ningeinunua hiyo hata kama ya diski ingekuwa rahisi.

Leseni hizi zisichanganywe na ile ya serikali. Kuuza intaneti kwa umma kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo mwaka 2021 ilichapisha utaratibu wake kwa ajili ya mitandao ya jamii. Hiyo haina siku 60 za majaribio.

Basi wewe unayewekewa mtandao dukani, shuleni au kanisani, kabla fundi hajakunja kebo zake mwombe akufungulie ukurasa wa leseni na akusomee kilichoandikwa. Ukiona tarehe ya mwisho hapo, ujue unatumia cha kuazima, na si aibu. Mlipe kazi yake, kisha muandikiane nani atanunua ufunguo, kwa akaunti ya nani, na kabla ya siku gani.